Irabu Inayoanguka: Kiganda, Ukanushi na Mvutano wa Wanaisimu

Mtu aliyezoea Kiswahili akifika soko la Nakasero, Kampala, na Kiganda chake cha kubahatisha, huweza kumwambia muuzaji: Njagala matooke. Atapewa, atalipa, ataondoka, na hakuna atakayemcheka. Lakini kwenye sikio la Mganda hajasema "nataka matoke". Amesema jambo kali zaidi: ninachotaka ni matoke, si hivyo viazi unavyoanza kunipimia. Aliyetaka kusema neno la kawaida angesema Njagala amatooke. Tofauti ni a- moja mwanzoni mwa nomino. Kiswahili hakina irabu hiyo, kwa hiyo msemaji wake huidondosha bila kujua kwamba amedondosha kitu.

Irabu hiyo ndogo imewafanya wanaisimu wavutane kwa zaidi ya miaka 50, na ndani yake limejificha swali kubwa kuliko matoke. Je, sarufi ni muundo unaojiendesha kwa kanuni zake wenyewe, au ni mazoea ya mazungumzo yaliyoganda, maana juu ya maana, mpaka yakaonekana kama kanuni? Hapa Uganda, hasa miongoni mwa walimu wa lugha, jibu la haraka ni la pili. Watu wa muundo huonekana kama waliochukua Kiingereza, wakakivika kanzu, wakakiita Kiganda. Nadhani shutuma hiyo imewaangukia wasiohusika.

Kwanza umbo lenyewe. Pale Kiswahili kinaposema mtu, watu, kitabu, vitabu, Kiganda husema omuntu, abantu, ekitabo, ebitabo. Irabu hufuata ile iliyo kwenye kiambishi cha ngeli: a- mbele ya -ba-, -ma- na -ka-, e- mbele ya -ki-, -bi- na -mi-, o- mbele ya -mu-, -bu-, -lu- na -ku-. Wasoga, Wanyoro, Watooro, Wanyankole na Wakiga wanayo pia, na Wakonzo wa Kasese husema omundu. Mtu asiichanganye na ile ya Kiteso. Etesot ni mwanamume wa Kiteso na Atesot ni mwanamke, lakini e- na a- hizo ni viambishi vya jinsia katika lugha ya Kinailoti, ukoo mwingine kabisa. Si kila irabu iliyotangulia nomino imetoka tumbo moja.

Mahali ambapo irabu ya Kiganda haionekani panajulikana vizuri. Haipo kwenye majina ya watu. Haipo katika wito: Baana! yaani enyi watoto. Haipo kwenye kiarifu: Mukasa musomesa, Mukasa ni mwalimu. Haipo baada ya buli, "kila", wala baada ya mu na ku za mahali, kama katika mu kitabo, kitabuni. Haipo katika swali kitabo ki?, kitabu gani. Mwanafunzi huyakariri haya kwa wiki mbili na kuendelea na maisha.

Palipo na mvutano ni sehemu mbili. Ya kwanza ni yambwa, yaani nomino inayotendwa, ikifuata kitenzi kilichokanushwa. Nagula ebitabo ni "nilinunua vitabu". Saagula bitabo ni "sikununua vitabu". Hapa irabu huanguka kwa lazima. Ya pili ni mkazo. Ukiulizwa Wagula ki?, ulinunua nini, unaweza kujibu Nagula bitabo, irabu ikaanguka bila ukanushi wowote, na maana ikawa "ni vitabu nilivyonunua". Hapa msemaji anachagua mwenyewe. Larry Hyman wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, na Francis Katamba, mwanaisimu wa Uganda aliyefundisha Lancaster, Uingereza, waliandika mwaka 1993 wakiuliza kama irabu hii inatawaliwa na sintaksia au na pragmatiki, kwa maneno mengine na umbo la sentensi au na nia ya anayesema. Swali hilo bado liko mezani.

Tuanze na kambi ya maana na historia, ambayo haihitaji wakili kwa kuwa inapendwa tayari. Mwanaisimu Joseph Greenberg mwaka 1978 alieleza safari ya alama za namna hii. Kionyeshi kama "yule" hudhoofika, kikawa alama ya kitu kinachojulikana. Baadaye alama hiyo huenea kwa kila kitu mahususi, kijulikane kisijulikane. Mwishowe huganda na kuwa sehemu ya jina tu. Irabu za Kibantu zimo katika mifano yake, na kwa mtazamo huu Kiganda kimesimama kituo cha kati. Nalaba omuntu, niliona mtu, yafaa hata kwa mtu ambaye msikilizaji hajapata kumsikia. Ila pale pasipo na mtu wa kunyooshewa kidole, irabu haikuwahi kufika. Kiarifu hutaja sifa, hakimtaji mtu. Wito humwita mtu, haumwelezi. Na ukisema Saagula bitabo, vitabu vya kuonyesha viko wapi, ilhali havikununuliwa?

Ni hoja safi, haifichi kitu chini ya meza, na inaeleza kwa pumzi moja kwa nini sehemu nyingi zisizohusiana zinafanana. Mwalimu akiwa na dakika kumi tu za kuieleza irabu hii darasani, atumie hiyo. Mimi nina tatizo nayo moja tu, nalo nitalifikia.

Kambi ya pili ilianza mbali na Kampala. Steven Abney, katika tasnifu yake ya 1987 kwenye chuo cha MIT, Marekani, alidai kwamba juu ya nomino kuna nafasi nyingine, ya kibainishi, yaani neno dogo kama the la Kiingereza, na kwamba nafasi hiyo ndiyo kichwa cha kundi zima. Giuseppe Longobardi mwaka 1994, akiegemea Kiitalia, akaongeza jambo lenye uzito zaidi. Nomino peke yake, alisema, hutaja sifa. Haiwezi kuwa kiima au yambwa mpaka iwe na nafasi ya kibainishi juu yake. Kiarifu na wito havihitaji nafasi hiyo. Jina la mtu hupanda lenyewe na kuijaza. Na nafasi hiyo ikiachwa tupu, lazima pawe na kitu kilicho juu yake katika muundo, na kilicho karibu, cha kuilinda. Ndiyo maana Mwitalia husema bevo vino, nanywa mvinyo, nomino ikiwa tupu baada ya kitenzi, lakini kwa kawaida hawezi kuiweka nomino tupu ya namna hiyo mbele ya kitenzi kama kiima.

Sasa rudi kwenye orodha ya Kiganda: majina ya watu, wito, kiarifu, yambwa chini ya ukanushi. Hata tofauti ya kiima na yambwa imo. Omuntu teyajja, mtu hakuja: kitenzi kimekanushwa, lakini omuntu amekaa mbele na irabu yake kama kawaida. Ukitaka kusema hakuna mtu aliyekuja, unapanga upya: Tewali muntu yajja. Nomino ni ileile na ukanushi upo pale na hapa. Kilichobadilika ni kwamba muntu sasa yuko nyuma ya kikanushi, na irabu imekwenda.

Hapo ndipo shutuma ya Kiingereza kilichovaa kanzu inapokosea mlango. Wanaosema irabu ya Kiganda ni sawa na kibainishi cha Kiingereza cha kitu kinachojulikana ni vitabu vya wanaoanza kujifunza lugha. Dai la Longobardi halihusu kujulikana hata kidogo. Linahusu nafasi: nani yuko juu ya nani, na nani anamfikia nani. Tena ni dai linaloweza kushindwa, na njia ya kulishinda ni kutafuta sentensi ambamo nafasi inasema jambo moja na maana inasema lingine, kisha kuitazama irabu imemfuata nani.

Sentensi hizo zipo, na ni za kila siku. Sirabye kitabo kyo: sijakiona kitabu chako. Kitabu kipo, kina mwenyewe, anayeulizwa na anayeuliza wote wanajua ni kipi. Kunyoosha kidole kunawezekana kabisa. Irabu haipo. Simanyi musajja oyo: simjui mwanamume huyo. Kionyeshi chenyewe kimo, oyo, "huyo", na bado ni musajja, si omusajja. Kama irabu ilikuwa alama ya kitu mahususi, hapa ingeng'ang'ania kuliko mahali pengine popote.

Kiswahili kikiwa na kitu kinachojulikana namna hiyo hupenda kukipachika ndani ya kitenzi: sijakiona kitabu chako. Kiganda nacho kinaweza: Sikirabye ekitabo kyo. Tazama irabu inavyorudi. Ile -ki- ndani ya kitenzi imechukua kazi ya yambwa, na ekitabo kyo imetundikwa nje, mahali ambapo mkono wa ukanushi haufiki. Mtu wa maana atasema imerudi kwa sababu kitabu kimekuwa mada ya mazungumzo, na kwa sentensi hii peke yake siwezi kumkatalia. Ndiyo sababu siitegemei.

Ninayoitegemea ni hii:

Njagala okugula ebitabo. Nataka kununua vitabu.
Saagala kugula bitabo. Sitaki kununua vitabu.

Katika ya pili irabu mbili zimeanguka kwa kikanushi kimoja, na kikanushi chenyewe kiko kwenye kitenzi cha kwanza tu. Tuangalie kwanza o- ya okugula. Kitenzi-jina hakitaji kitu wala mtu. Kununua ninakokutaka bado hakujatokea, na kununua nisikokutaka hakujatokea vilevile. Kwa kipimo cha kunyoosha kidole sentensi hizi ni sawa kabisa, kwa hiyo irabu ingekosekana kote kuwili au ingekuwepo kote kuwili. Ipo kwenye ya kwanza, kwenye ya pili haipo. Hakuna kilichobadilika isipokuwa ukanushi.

Kisha angalia ebitabo. Ukanushi umeanza kwenye "kutaka", ukapita ndani ya "kununua", ukafika kwa vitabu. Umesafiri. Je, unasafiri bila mpaka? Hapana. Simanyi oba yagula ebitabo: sijui kama alinunua vitabu. Ukanushi upo. Vitabu vyenyewe huenda havipo duniani, kwa kuwa hata ununuzi haujulikani kama ulifanyika. Kwa kipimo cha maana hapa ndipo pangefaa zaidi irabu ianguke, nayo imekaa imara. Ndivyo ilivyo pia kwa Saagamba nti nagula ebitabo, sikusema kwamba nilinunua vitabu. Kishazi chenye kitenzi kilichobeba nafsi na wakati wake kimefunga mlango. Kitenzi-jina hakina nafsi wala wakati wa kwake, kwa hiyo mlango wake uko wazi.

Walio na Kifaransa, na Kampala hawakosekani kutoka Kongo na Rwanda, wataitambua ramani hii papo hapo. J'ai acheté des livres, nilinunua vitabu. Je n'ai pas acheté de livres, sikununua vitabu: des imegeuka de. Je ne veux pas acheter de livres, sitaki kununua vitabu: ukanushi umepita ndani ya kitenzi-jina na kuigeuza tena. Je ne sais pas s'il a acheté des livres, sijui kama alinunua vitabu: umegonga ukuta, des imebaki. Lugha mbili zisizo na undugu wala ujirani wa asili, na ukuta umesimama mahali palepale. Lakini Mfaransa akisema je n'ai pas vu ton livre, sijaona kitabu chako, hakuna kinachogeuka, kwa hiyo mtu wa maana bado ana pa kupumulia: ni suala la vitu visivyojulikana tu. Kiganda kimemnyima hata pumzi hiyo, kwa kuwa kitabo kyo huvuliwa irabu kama kitabo kingine chochote. Ningekuwa na darasa la sintaksia, ningelianzisha kwa Kiganda na kukifanya Kifaransa kuwa tanbihi.

Kambi ya maana haikosi jibu, na ni jibu la heshima. Watasema: zamani irabu ilikosekana kwa sababu ya maana, kwenye vitabu visivyokuwepo. Baadaye wasemaji wakazoea kwamba baada ya kikanushi hakuna irabu, wakapanua mazoea hayo mpaka kwenye kitabo kyo na kugula. Sarufi zote hukua hivyo, na Greenberg mwenyewe alisema mwisho wa safari ni kuganda. Sina ugomvi na historia hiyo. Ninachouliza ni kilichoganda ni nini. Mazoea yanayopita ndani ya kitenzi-jina na kusimama kwenye oba na nti, yanayomgusa aliye nyuma ya kitenzi na kumwacha aliye mbele, yanahesabu nafasi wala hayahesabu vitu. Aliyekubali hilo amekubali sintaksia, hata kama anaiita mazoea. Kwamba nyumba ilianza kama kibanda hakuondoi kuta zilizopo leo.

Hata hivyo kukubali kuta si kukubali ramani ya kambi moja, na hapa lazima niwakumbushe watu wangu wa muundo kwamba nyumba yao wenyewe ina kelele. Ljiljana Progovac mwaka 1993 alichambua Kinande, ndugu wa karibu wa Kikonzo upande wa Kongo, akasema nomino zisizo na irabu ni maneno ya kundi la "yeyote" na "chochote", yale yanayoishi chini ya ukanushi. Kwa Kiganda vazi hilo halikai. Sirabye kitabo kyo haimaanishi sijaona kitabu chako chochote. Anayetaka maana hiyo ana neno lake: Sirabye kitabo kyonna, sijaona kitabu chochote. Claire Halpert, akichambua Kizulu katika tasnifu yake ya 2012, alisema irabu yenyewe ni ruhusa ya kusafiri. Nomino iliyo nayo huenda popote katika sentensi, na isiyo nayo lazima ikae ndani, karibu na kitenzi, chini ya ulinzi. Mwaka 2016 Vicki Carstens na Loyiso Mletshe wakajibu kwamba katika Kizulu na Kixhosa jambo lenyewe ni makubaliano ya ukanushi, yaani nomino huvaa umbo la kulingana na kikanushi, ruhusa haimo. Na juu yao wote kuna dai la Michael Diercks la 2012 kwamba lugha za Kibantu, kwa sehemu kubwa, hazina kabisa ule mfumo dhahania wa kuzipa nomino ruhusa ambao nadharia imeudhania kuwa wa lugha zote tangu barua ya Jean-Roger Vergnaud kwa wanaisimu wenzake Chomsky na Lasnik mwaka 1977. Diercks akiwa sahihi, ruhusa ya Halpert inatoka wapi? Hawa wote ni watu wa kambi moja.

Jeraha kubwa zaidi, hata hivyo, ni mkazo. Katika Nagula bitabo hakuna kikanushi cha kumlaumu. Hyman na Katamba waliweka ukanushi na mkazo katika kapu moja: vyote viwili ni nguvu zinazokaa juu ya yambwa na kuilinda inapokosa irabu. Kwa namna fulani inafaa. Mkazo huo haupatikani ndani ya kirejeshi, yaani kishazi kinachoieleza nomino. Omuntu eyagula ebitabo, mtu aliyenunua vitabu, huhitaji irabu yake. Lakini mtu wa pragmatiki ana haki ya kucheka kidogo hapa: kirejeshi ni habari ya nyuma, inayojulikana tayari, nani anakazia habari ya nyuma? Maelezo yote mawili yanafika sokoni kwa wakati mmoja. Jenneke van der Wal na Saudah Namyalo wa Makerere waliandika mwaka 2016 juu ya mkazo wa kudondosha irabu unavyokutana na mkazo wa aina nyingine, ule wa kuitanguliza nomino: Ekitabo kye nagula, kitabu ndicho nilichonunua. Kiganda kina njia mbili za kukaza, na haziko sawa kwa maana wala kwa mahali zinaporuhusiwa. Anayetaka kuueleza mkazo kwa muundo mtupu ana kazi mbili, si moja. Kwa upande huu wa mzani naipa kambi ya maana pointi zake bila kinyongo.

Yote haya yanategemea ushahidi uliokusanywa vizuri, na hapa kuna mitego ambayo imeharibu daftari nyingi. Wa kwanza ni sauti. Irabu mbili zikikutana kati ya maneno, ya kwanza humezwa na ya pili hurefuka. Nagula ebitabo husikika kama nagul' eebitabo, ile e inasikika wazi, hakuna shaka. Lakini Nalaba abantu, niliona watu, na Nalaba bantu, ni watu niliowaona, zinatofautiana kwa urefu wa a peke yake, na katika usemi wa haraka sikio lisilozoea haliwezi kulishika hilo. Kwa hiyo mfano wa matoke ni mtamu kwa kufungulia makala na mbaya kwa utafiti. Tumia nomino za eki- na ebi-, au za omu- zikifuata kitenzi kinachoishia na -a, usitumie za aba- na ama-.

Mtego wa pili ni kitenzi kisaidizi. Ngenda kugula ebitabo, nitanunua vitabu au naenda kununua vitabu, ina kugula isiyo na irabu katika sentensi isiyo na ukanushi wala mkazo. Mpinzani ataishika hii na kusema hoja ya kitenzi-jina imekufa. Haijafa. Hapa -genda imekuwa alama ya wakati ujao, na kugula ndicho kitenzi kikuu. Ushahidi ni kwamba ebitabo imebaki na irabu yake. Hakuna nguvu yoyote iliyosafiri. Hata hivyo usitumie -genda katika majaribio. Tumia -agala, kutaka.

Wa tatu ni kuuliza kwa tafsiri. Ukimwambia mtu "sema kwa Kiganda: sikununua vitabu", atakupa sentensi ya darasani. Ukimuuliza "je, hii ni sahihi?" atakuhukumia kwa kiboko cha mwalimu wake. Mpe muktadha. Anayejibu Wagula ki? yuko kwenye mkazo. Anayejibu Wakola ki?, ulifanya nini, hayupo, na kwake Nagula ebitabo ndiyo inayotoka. Kwa jaribio dogo la ukanushi, vitenzi 4 na nomino 6 vinakupa jozi 24, na kila jozi ina sentensi 4: ya kukubali na ya kukanusha, yenye irabu na isiyo nayo. Hizo ni 96, nyingi mno kwa mtu mmoja; zigawe katika orodha 4 za sentensi 24, kila jozi ionekane mara moja tu katika kila orodha, uchanganye na sentensi za kupoteza lengo zisizopungua idadi hiyohiyo. Zirekodiwe kwa sauti ya mtu mmoja, tena pole pole kiasi cha urefu wa irabu kusikika. Maandishi yanadanganya: msomaji akiona bitabo karatasini anaweza kudhani ni kosa la chapa.

Kwa walimu jambo hili si la maktaba tu. Tangu 2007 mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu unatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba lugha yenye irabu na lugha isiyo nayo zitakutana kwenye kichwa cha mtoto mmoja, na kwenye ubao wa mwalimu mmoja. Mwalimu aliyefundishwa kwamba irabu ni alama ya kitu kinachojulikana atasahihisha Sirabye kitabo kyo na kuiandikia ekitabo, kwa kuwa kitabu kinajulikana, na atakuwa ameharibu Kiganda cha mtoto aliyekisema vizuri tangu nyumbani. Kanuni ya nafasi ni fupi kuliko hiyo. Kitenzi kikikanushwa, vua irabu ya kinachokifuata, pita na kitenzi-jina ukivue nacho, ukikutana na oba au nti simama. Kinachofuata kikiwa na kiwakilishi chake ndani ya kitenzi, kama -ki- ya Sikirabye, kirudishie irabu yake.

Bado kuna sentensi moja ambayo ningependa kila mtafiti wa Kiganda aipeleke kwa wasemaji kumi kabla ya kuandika ukurasa mwingine, kwa sababu inaziweka nguvu zote mbili mahali pamoja. Sikununua vitabu, bali vikombe. Nusu ya kwanza haina ubishi: Saagula bitabo. Baada ya wabula, "bali", vikombe viko nje ya ukanushi lakini vimebeba mkazo wote wa sentensi. Waulize kama wanasema wabula ebikopo au wabula bikopo, na ukiwapata wanaosema yote mawili, waulize walikuwa wakijibu swali gani.